Bódis Ambrus na Shaba Iliyokutwa Mfukoni mwa Baba Yake

Ndugu, majirani, nanyi watu wa reli mliokuja na sare zenu kwenye baridi hii: leo, Jumamosi tarehe 26 Januari 2019, tumemleta Bódis Ambrus hapa makaburini Szilháza alale kando ya mkewe. Wasifu huu umeandikwa na familia na unasomwa na Emőke, bintiye. Marehemu aliacha maagizo mawili. La kwanza, wasifu wake uwe mfupi, maana miguu ya wazee huganda. La pili, kisa cha shaba kisiachwe. Maagizo hayo hayapatani hata kidogo, na nyumba nzima tumechoka, hatujalala vizuri tangu Jumapili. Tumechagua kulitii la pili. Mtuvumilie.

Marehemu alizaliwa hapa hapa Szilháza tarehe 7 Desemba 1943, siku ya jina la Ambrus kwenye kalenda ya watakatifu, ndiyo maana hakuna aliyejisumbua kumtafutia jina jingine. Alikuwa mtoto wa pekee wa Bódis Vendel, aliyekuwa na kazi ya kugeuza reli stesheni ili kila gari moshi lishike njia yake, na mkewe Teréz, ambaye mji mzima ulimwita Mama Terka. Walikaa katika nyumba ya shirika kando ya njia, gari moshi likipita vikombe vinagongana kabatini. Vendel alikuwa mtu wa maneno machache. Mama Terka, Mungu amrehemu, alikuwa na maneno ya watu watatu, na kumpa siri ilikuwa sawa na kuipandisha mnarani kwenye kengele. Marehemu alipenda kusema kwamba alirithi ukimya wa baba na ukaidi wa wote wawili.

Alikuwa hajatimiza miaka tisa yalipowapata. Asubuhi ya Jumamosi tarehe 11 Oktoba 1952, mabehewa mawili ya ngano yaliacha njia na kupinduka pale reli zinapogawana. Hakufa mtu. Lakini miaka ile, ngano ikimwagika ilibidi apatikane mtu aliyeimwaga. Jumatatu askari walimpekua Vendel, wakamkuta na kitu cha shaba ya njano mfukoni mwa koti. Urefu wake kama kiganja. Upande mmoja kiligawanyika kama uma wa meno mawili, na meno yote mawili yalitobolewa tundu dogo. Upande wa pili ulikuwa mwembamba na umekunjwa kama mdomo wa bata. Katikati, nusu zimefutika, zilikuwepo herufi za shirika la reli. Wakamwuliza ni nini, Vendel akanyamaza. Wakamwuliza tena kwa namna zao, akanyamaza. Mahakama ikasema yenyewe kwa niaba yake: ni kifaa cha kufungulia kufuli la reli, na mwenye nacho ni mhujumu. Alifungwa miaka mitatu. Siku mbili baada ya kukamatwa ilikuwa tarehe 15, siku ya jina la Teréz, na kwa mara ya kwanza hakuna mtu aliyekuja na zawadi kumpongeza Mama Terka.

Alipofunguliwa, Oktoba 1955, mtu wa ghala la gereza alimrudishia mkanda wake, saa iliyosimama, na kile kitu cha shaba. Huyo hakujua kesi, yeye aliona ni mali ya mfungwa. Vendel alifika nyumbani akavitoa mfukoni na kuviweka mezani kimoja kimoja.

"Hicho ndicho?" Mama Terka aliuliza.

"Ndicho."

"Cha kazi gani?"

Vendel akatazama dirishani.

"Nakuuliza wewe, Vendel! Miaka mitatu nimeulizwa mimi, sokoni, kanisani, kisimani. Cha kazi gani?"

"Acha, Terka."

"Haya. Basi kitoke. Na kisivuke tena kizingiti changu, wewe wala mtoto wako. Niapieni."

Wakaapa, wote wawili, baba na mwana. Shaba ikapelekwa bandani, nyuma ya mizinga ya nyuki. Vendel akarudi kazini, lakini si kwenye reli. Walimpa kufagia jukwaa la abiria. Alifariki kwa kifua tarehe 4 Machi 1961 bila kusema neno. Marehemu alikuwa ameshika mkono wake akingoja hilo neno, na alituambia kwamba kile alichokililia siku ile hakikuwa kifo peke yake.

Kuhusu shule, marehemu alisoma shule ya msingi ya Szilháza kuanzia 1950 hadi 1958, na katika hesabu hakuna aliyempita. Aliomba chuo cha maofisa wa reli. Jibu lilikuja la mstari mmoja, kwamba mtoto wa mhujumu hawezi kukabidhiwa maisha ya abiria. Mama Terka alitaka aende kusomea useremala. Mtu mmoja tu ndiye aliyemsimamia, fundi Sipos Lajos, aliyekuwa akiyeyusha na kusubu shaba katika karakana ya reli, mtu mnene, mwenye nyusi zilizoungua. Sipos alikwenda kwa mkubwa wa njia na kumwombea kijana kibarua cha kubadilisha mataruma chini ya reli. Tangu kesi ile ni yeye peke yake aliyekuwa bado akivua kofia akikutana na Mama Terka barabarani, na marehemu hakumsahau kwa hilo.

Basi mtoto wa mhujumu akaingia reli kwa mlango wa nyuma, na humo akakaa tangu Septemba 1959 hadi alipostaafu tarehe 31 Desemba 2003. Alianza na mataruma. Akasoma shule ya ufundi jioni, macho yakimfumba. Mwaka 1972 wakampa kugeuza reli, pale pale pa baba yake, mkono wake ukashika wenzo ule ule. Mwaka 1991 akawa stesheni masta. Ninyi mliofanya kazi chini yake mnajua alivyokuwa: hakupiga kelele, lakini taa isiyopanguswa ilimwumiza kichwa. Wakati wote huo hakuna behewa lililoacha njia mikononi mwake. Hakulisema hilo kwa majivuno. Alilisema kama mtu anayelipa deni lisilo lake.

Na mapumzikoni, jamani, ile shaba! Kila alikosikia kuna mzee wa reli bado ana akili zake, Ambrus alikifunga kitu chake kwenye leso, akapanda gari moshi. Dereva mmoja wa Zalaegerszeg alimwambia ni koleo la kuvutia tambi za taa za ishara. Mwingine akasema hapana, ni cha kukazia muhuri wa risasi kwenye milango ya mabehewa, tena akaapa kwa macho ya mama yake. Bwana mmoja wa jumba la makumbusho kule Budapest alivaa glovu, akakigeuza muda mrefu, akasema, kwa tahadhari, kwamba huenda ni sehemu ya kifaa cha kukazia waya za ishara, cha asili isiyojulikana. Walipingana katika kila kitu ila kimoja, kwamba ni cha reli. Ukimpa mtu wa reli kijiko, atakwambia ni cha behewa gani. Na kila mmoja alipotamka hivyo marehemu alirudi nyumbani mdogo kuliko alivyoondoka, maana kama kilikuwa cha reli, basi mahakama ilisema kweli.

Yupo mmoja aliyekaribia. Ilikuwa kwenye baa ya stesheni, mwaka 1984. Gubás, dereva wa zamani, alikishika, akakipima uzito mkononi, akacheka.

"Ambrus, ndugu yangu, unahangaika bure. Hii fusi hii!"

Wenye umri wanajua fusi. Ni kile kitu unachojitengenezea mwenyewe kazini, kwa chuma cha shirika, kwa makaa ya shirika na saa za shirika, kisha unatoka nacho langoni chini ya koti. Hakuna nyumba katika mji huu isiyo na fusi. Vibao vya kuvulia viatu, vinara vya mishumaa, hata msalaba wa kanisa letu, Padri anisamehe. Lakini marehemu alisimama, uso umemwiva.

"Baba yangu hakuwahi kutoka na hata msumari wa shirika!"

"Nani kasema msumari? Mimi nasema kipande cha—"

"Mwizi hakuwa! Sikia vizuri, Gubás. Mwizi hakuwa."

Kwa miaka miwili hakusema naye. Ndivyo mzee wetu alivyokuwa. Uhujumu aliweza kuuchunguza kwa miaka hamsini, akiuogopa, akiukataa, akilala nao. Wizi wa kipande cha shaba hakukubali hata kuufikiria. Mlango ulikuwa mmoja tu wa kumtolea baba yake, naye akasimama mbele yake akiulinda.

Mwaka 1990 utawala ulipobadilika, hukumu za miaka ile zikafutwa kwa jumla, na karatasi ikaja hata kwetu. Mke wa marehemu alitaka waifungulie mvinyo. Marehemu aliisoma mara mbili akaikunja. "Wamesema imefutwa," alisema. "Hawajasema hakufanya." Desturi yetu mnaijua: kwenye jiwe la kaburi huandikwa jina na kazi ya mtu, na mtu wa reli huandikwa mtu wa reli. Jiwe la Vendel lilikuwa na jina na miaka, na chini yake nafasi tupu. Marehemu aliiacha makusudi. Alisema hawezi kumwandika baba yake mtu wa reli kabla ya kujua kama aliisaliti. Kila mwaka siku ya wafu alipangusa ile nafasi tupu kwa kitambaa, halafu hakula chakula cha jioni.

Tarehe 14 Septemba 1968 marehemu alifunga ndoa na Kocsor Piroska, aliyekuwa akiuza tiketi stesheni. Alimpenda kwa sababu alimrudishia chenji kamili bila kumtazama, na akataka kujua atafanya nini akimtazama. Walijaliwa Emőke mwaka 1970 na Zsombor mwaka 1973. Ndoa ilikuwa nzuri, na isingekuwa nzuri tungesema vilevile hapa, lakini hii ilikuwa nzuri kweli. Kitu kimoja tu kilikaa kati yao. Piroska alijua kipo kitu bandani, kwenye leso. Hakuwahi kuonyeshwa.

"Ni mambo ya reli, Piri," mumewe alikuwa akisema.

"Ahaa. Na mimi miaka thelathini dirishani nimeuza nini, nyanya?"

"Nilimwapia mama hakitaingia ndani."

"Mama yako amekufa tangu sabini na tisa! Mficha uchi hazai, Ambrus. Wewe waonyeshe wanaume wenzako, waendelee kukudanganya."

Na ndivyo alivyofanya.

Oktoba 2013 Piroska alipatwa na kiharusi. Mkono wa kulia ukafa, mdomo ukaenda upande, akili ikabaki vile vile na ulimi ukawa mkali zaidi. Marehemu, aliyekuwa na miaka sabini kasoro na hajawahi kukoroga hata unga wa mchuzi, akaingia jikoni. Ilikuwa kazi, wenzangu. Alipika viazi mpaka tukavichukia. Alichoka mpaka akawa analala ameketi, kijiko mkononi. Siku moja ya Februari Piroska akasema anataka derelye, vile vifuko vya unga vyenye jamu ya plamu ndani, vinavyochemshwa na kugaragazwa kwenye chenga za mkate. Alikaa kwenye kiti cha magurudumu mlangoni mwa jikoni akiamuru.

"Sukuma tena. Huo ni unga, si taruma."

"Umeshakuwa mwembamba."

"Mwembamba kwa nani? Haya, weka jamu. Ndogo! Funika. Sasa fungua droo, toa kigurudumu, ukate."

Kigurudumu cha Piroska kilikuwa kile cha bati cha dukani, chenye mpini na gurudumu dogo la meno la kukatia kingo. Marehemu akakitoa, akakikandamiza kama anayekaza parafujo. Pini ikachomoka, gurudumu likaruka chini ya jiko, akabaki ameshika mpini mtupu. Uma wa meno mawili. Tundu dogo kila jino.

Piroska alituambia kwamba alidhani mumewe naye kapatwa na kiharusi. Alisimama tu, unga mikononi, anatazama mpini. Kisha akatoka nje bila koti, theluji imefika kwenye vifundo vya miguu, akarudi na leso. Kizingitini akasita. Karibu miaka sitini kitu kile hakijavuka.

"Ingia, unaniletea baridi," Piroska akasema. "Umeshika nini hicho?"

Akaingia. Akapiga magoti akatafuta gurudumu chini ya jiko, akalipangusa na suruali, akalitia kwenye uma wa shaba, akapitisha pini. Ikapita. Akakiweka juu ya unga na kukisukuma, nacho kikaacha mstari wa meno, safi. Piroska akanyoosha mkono wake mzima, akakigeuza upande wa mdomo wa bata na kubana kwa huo ukingo wa derelye moja, akaufunga.

"Hii ya kubania," alisema. "Bibi yangu alikuwa nayo. Wee Ambrus. Ndicho hiki? Ndicho hiki ulichomficha kila mwanamke wa nchi hii?"

Marehemu aliketi sakafuni. Alicheka, halafu akalia, na Piroska kwa mdomo wake wa upande akacheka na kulia naye. Marehemu alisema jambo moja tu kwa sauti: "Ilikuwa siku mbili kabla ya jina lake." Ndipo akaona yote. Baba yake alikuwa akimtengenezea mkewe zawadi ya siku ya jina. Gurudumu lilikuwa bado. Na mwanamke huyo huyo alikifukuza nyumbani, akakichukia hadi kaburini. Hilo marehemu hakulizoea. Mengine alizoea, hilo hapana.

Lakini Piroska, aliyekaa miaka mingi dirishani akiwasoma watu, akauliza swali lililobaki.

"Sasa kwa nini asiseme? Kipande cha shaba, wangempa miezi."

"Shaba ya beringi za mabehewa, miaka ile? Wangempa zaidi ya miezi. Lakini hata hivyo." Marehemu akapangusa unga kwenye shaba. "Baba hakujua kusubu, Piri. Alijua kugeuza reli."

"Basi nani alimsubia?"

Karakana ilikuwa na mtu mmoja wa kusubu shaba.

Sipos Lajos alikuwa amefariki mwaka 1988. Bintiye Juliska, mjane, alikaa nyumba ile ile, mtaa wa pili kutoka kwetu. Marehemu alikwenda siku ya pili yake na leso mfukoni. Juliska alipoiona shaba mezani hakuuliza ni nini. Alifungua droo ya jikoni akatoa ya pili, ndugu yake pacha, umbo lile lile, herufi zile zile zimefutika nusu, ila hii ilikuwa na gurudumu, limelika kwa kutumika.

"Alisubu mbili," Juliska akasema. "Moja ya mama, moja ya baba yako. Magurudumu yalikuwa bado, la mama alilitia baadaye."

"Umejua tangu lini?"

"Tangu alipokuwa anakufa. Zamani tulidhani anaumwa meno. Kila mama akikata derelye, baba anatoka nje, anasimama kwenye banda la kuku. Tulikuwa watano, Ambrus, mdogo bado ananyonya. Baba yako alimtazama baba pale walipokuwa wanampeleka, akatikisa kichwa, basi. Wangemchukua na yeye siku hiyo hiyo."

"Na alipotoka? Na baba alipokufa? Mimi nilikuwa navua kofia kwa mzee wako kila siku, Juliska. Nilidhani anatuhurumia."

"Aliogopa. Kisha aliona haya. Kisha nikaogopa mimi na nikaona haya mimi. Nipige kama unataka."

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na marehemu alikuwa na haki ya kuyatamka hayo na makali zaidi. Alituambia kwamba aliitafuta hasira, akaipapasa kama mtu anayetafuta funguo gizani. "Nimechoka, Juliska," alisema mwishowe. "Hasira nayo inataka nguvu. Una jamu ya plamu?" Alikula sahani mbili. Alirudi nyumbani akamwambia Piroska kwamba derelye ya akina Sipos ina chumvi mno.

Mei mwaka ule alimwita fundi wa mawe. Fundi alitaka kujua kama aandike mhanga, kwa kuwa siku hizi wengi huandikwa hivyo. "Hapana," marehemu akasema. "Andika mtu wa reli." Mkiondoka hapa piteni mstari wa tatu mkaone, herufi bado ni nyeupe kuliko jiwe. Piroska alipelekwa pale kwenye kiti chake, akashuhudia. Alifariki tarehe 2 Novemba 2016, na kuanzia hapo marehemu hakuwa mtu wa kuamka asubuhi kwa hamu.

Kuhusu ugonjwa wake, ilikuwa mapafu. Vumbi la kokoto za njia na moshi wa miaka mingi vilidai chao. Alilazwa hospitali mara tatu tangu kiangazi cha mwaka jana, na mara ya tatu akaomba kurudishwa nyumbani, akisema dari ya hospitali haina cha kutazama. Zsombor alimgeuza kitandani, Emőke alimlisha. Hatutawadanganya kwamba ilikuwa rahisi. Kuna usiku tuliomba Mungu amchukue, na asubuhi tukaomba msamaha. Hakulalamika. Aliuliza tu kila gari moshi lilipopita kama limechelewa. Alifariki Jumapili tarehe 20 Januari 2019, mchana, watoto wake wakiwepo wote wawili. Alikuwa na miaka sabini na mitano.

Marehemu ameacha binti, Emőke, na mumewe Bálint. Mwana, Zsombor, na mkewe Ildi. Na wajukuu watatu, Botond, Luca na Hunor.

Ameacha pia dada mmoja, Sipos Juliska.

Mnaoijua familia mmeshtuka, maana Bódis Ambrus alizaliwa peke yake. Orodha ya kwanza haikuwa na jina hilo. Siku ya Alhamisi kabla hajafariki alitaka asomewe wasifu wake, na tulipofika hapa akainua mkono. Emőke akamwambia, "Baba, Juliska si wa ukoo. Watu watasema tumekosea." Naye, kwa pumzi iliyobaki, akajibu hivi: "Baba yangu alikaa ndani miaka mitatu ili baba yake alale kwake na wanawe. Kama huo si udugu, basi nieleze wewe udugu ni nini. Andika."

Tumeandika. Dada wa marehemu amesimama kule nyuma kabisa, kwenye lango, mwenye shali ya kahawia, kwa sababu hakujua kama anaruhusiwa kusogea. Tunaomba mumpishe. Shangazi Juliska, pita mbele, utie udongo pamoja na sisi.

Bódis Ambrus, mtu wa reli, mwana wa mtu wa reli: lala salama, Baba. Hakuna tena la kuuliza.